Dereva mpya wa malori ya masafa marefu Marekani, mwaka wa kwanza hela inayoingia mfukoni ni ngapi kweli?

UsukaniMpya

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo ya nyie ambao mko barabarani tayari. Niko Marekani, wiki ijayo nafanya mtihani wa CDL, ile leseni ya malori makubwa, shule wanasema niko vizuri, kurudi nyuma na treila ndo kulikuwa kunanisumbua ila sasa naingiza bila shida. Tatizo ni kwamba kila siku napigiwa simu na watu wa kuajiri wa makampuni ya malori na kila mmoja ana hesabu yake, nimechanganyikiwa.

Mpaka sasa nina ofa tatu. Ya kwanza kampuni kubwa, senti 50 kwa maili, treila la boksi la kawaida, kwanza treningi na mwalimu mwezi na kidogo kwa hela ya wiki isiyobadilika, halafu nakabidhiwa lori langu, unakaa nje wiki 3 mpaka 4 ndo unarudi nyumbani siku 4, na kuna bonasi ya kusaini dola 5,000. Ya pili kampuni ya kati, wanabeba vyakula vya friji, wanasema dola 1,200 kwa wiki garantii hata lori likilala. Ya tatu ni jamaa ana malori kama kumi hivi, yeye anasema nitapata 1,800 mpaka 2,000 kwa wiki, malipo ya 1099 yaani kama mtu aliyejiajiri, hakuna treningi ndefu, nikipata leseni tu naanza.

Nina mke na watoto wawili. Sasa hivi nafanya kazi ghalani nalipwa kwa saa na ovataimu ipo. Ukipiga hesabu ya harakaharaka ya tatu inazishinda zote lakini roho inasita. Mtu mpya kabisa ategemee kiasi gani kwa mwezi baada ya makato? Na hizo maili 3,000 kwa wiki wanazozitaja kwenye simu zinatoka kweli au ni maneno tu?

---

MzeeWaMaili

Karibu kwenye kazi mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho maana hilo ndo limebeba mengine yote.

Maili 3,000 zinatoka, ila sio kila wiki, na kwa dereva mpya hazitoki mara nyingi. Angalia sheria inavyokubana. Unaruhusiwa kuendesha saa 11 tu, na hizo 11 ziishe ndani ya saa 14 tangu ulipoanza kazi siku hiyo, halafu unapumzika saa 10. Juu ya hapo kuna saa 70 za kazi ndani ya siku 8, zikiisha unasimama mpaka saa za nyuma zianze kukurudia au ukae saa 34 mfululizo uanze upya. Na toka Desemba 2017 malori mengi lazima yawe na mashine ya logi, ya kurekodi saa zako, iliyounganishwa na injini, gurudumu likigeuka tu inaandika, hakuna ujanja. Sasa 70 gawa kwa 8 hata saa 9 kwa siku hazifiki, na humohumo kuna kukagua lori, kujaza mafuta, kupakia, kushusha, kutafuta pakingi. Malori ya kampuni kubwa mengi yamefungwa spidi, maili 62 mpaka 65 kwa saa, ukiweka miji na milima na barabara inayotengenezwa wastani wako kwa saa unabaki hamsini na kitu. Ndo maana mimi nikiulizwa na mtu mpya namwambia apige hesabu kwa maili 2,000 mpaka 2,400, akipata zaidi ashukuru.

Kwa ofa yako ya kwanza tuseme 2,200 mara senti 50, ni 1,100 kwa wiki kabla ya makato. Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya wazee, zinachukua asilimia 7.65, hapo 84 imeondoka, kodi ya serikali kuu kwa mtu mwenye mke na watoto wawili haitakuwa kubwa sana kwa kipato hicho, kisha bima ya afya ya familia ambayo inatofautiana sana kampuni na kampuni. Ukiniuliza kinachoingia benki nitakwambia 800 na kitu, kwa mwezi kama 3,400 au 3,600. Na zipo wiki utapata maili 1,700 kwa sababu lori liliingia gereji au theluji ilifunga barabara, wiki hiyo ni 850 kabla ya makato na kodi ya nyumba haisubiri.

Kwa mwaka utacheza kwenye elfu 50 hivi, chini kidogo ukihesabu miezi ya treningi. Takwimu za serikali za Mei 2024, zile za BLS, ofisi ya takwimu za kazi, zinaonyesha nusu ya madereva wote wa malori makubwa wanapata chini ya dola 57,440 kwa mwaka. Wote hao, pamoja na wale wenye miaka ishirini kwenye usukani. Kwa hiyo mtu anayekwambia mgeni atapata laki moja mwaka wa kwanza muombe akuonyeshe W-2, ile fomu ya mshahara wa mwaka ya mwajiriwa, ya dereva wake mmoja aliyeanza mwaka jana, jina afute.

Kitu kingine uulize wanahesabu maili za aina gani. Kampuni nyingi hazilipi maili ulizotembea kwenye dashibodi, zinalipa za kitabu, toka eneo la posta moja mpaka lingine kwa njia fupi ambayo pengine lori lako haliruhusiwi hata kupita. Umetembea 800 umelipwa 740. Kwa wiki moja hauoni, kwa mwaka ni maelfu ya dola. Na maili za kwenda mtupu kuchukua mzigo, waulize wanazilipa sawa na za mzigo au la.

Bonasi ya 5,000 isikupumbaze. Soma karatasi uone inatoka lini, mara nyingi wanaimega vipande, kidogo mwanzoni, kingine miezi sita, kilichobaki mwaka ukiisha. Ukiondoka katikati umeacha.

---

DadaRifa

Mzee ameongea vizuri, mimi niongezee upande wa friji maana ndo kazi yangu.

Kaka garantii ya 1,200 ni nzuri kweli kama ni garantii kweli. Omba waandike masharti yake. Kampuni nyingi zinasema garantii lakini chini kuna maneno: uwe umekuwa tayari kwa kazi siku 7 zote, usikatae mzigo hata mmoja, usichelewe hata mara moja, usiombe kwenda nyumbani wiki hiyo. Ukikosa kimoja inarudi kwenye maili. Na zingine garantii ni ya wiki za mwanzo tu.

Kwenye friji kinachokula hela ni kusubiri. Unafika ghala la vyakula saa 9 usiku, miadi ni saa 10 alfajiri, unampa mlinzi namba ya mzigo anakuelekeza mlango, unarudisha treila mpaka mpira wa mlangoni unaugusa, taa nyekundu inawaka. Halafu unakaa. Ukijilaza kitandani nyuma unasikia foklifti ikiingia treilani, lori zima linatikisika, hapo ndo unajua wameanza. Ikipita saa nzima kimya ujue hawajakugusa. Saa 4 asubuhi ndo unapewa karatasi. Kampuni ikiwa inalipa dola 15 kwa saa baada ya saa 2 za kwanza umepata 60, wakati hizo saa 6 barabarani ni kama maili 300, kwa senti 50 ni 150. Na saa zako 14 za siku zilikuwa zinakatika muda wote huo, isipokuwa ukijua kugawa mapumziko ya saa 10 kuwa 7 kwa 3 au 8 kwa 2 kwenye kitanda cha lori. Hilo mwalimu wako wa treningi asikuachie mpaka umelielewa, linaokoa hela kuliko hata nyongeza ya senti 3.

Na hili la kusubiri sio malalamiko yetu tu. Mkaguzi mkuu wa wizara ya usafirishaji aliandika ripoti 2018 akakadiria kila dereva wa mizigo ya treila nzima anapoteza kati ya dola 1,281 na 1,534 kwa mwaka kwa kucheleweshwa kwenye maghala. Humohumo wakasema ukiongezwa dakika 15 za kusubiri, uwezekano wa ajali unapanda asilimia 6.2, na ukifikiria inaeleweka, mtu akitoka pale anataka kufidia muda.

Kwa hiyo swali sio senti ngapi tu. Uliza: hela ya kusubiri inaanza saa ya ngapi, ni kiasi gani, na nailipwa hata kama mteja amegoma kuilipa kampuni? Hili la mwisho wengi hawaliulizi. Nikilazwa siku nzima bila mzigo mnalipa ngapi? Lori likiharibika? Wapakuzi wa ghalani wakidai hela yao, natoa mfukoni nisubiri kurudishiwa au mnatuma namba ya malipo? Wakijibu yote kwa maandishi bila kuzunguka, hiyo ndo kampuni.

---

MhesabuWaKodi

Mimi siendeshi ila najaza kodi za madereva wengi wa kwetu kila mwaka na ofa ya tatu ndo imenifanya niandike, samahani itakuwa ndefu.

1099 maana yake kwenye karatasi wewe sio mwajiriwa, wewe ni biashara. Ile asilimia 7.65 ambayo mwajiri angekulipia upande wake sasa unailipa wewe, jumla inakuwa 15.3. Kwenye 1,800 hiyo ni kama dola 250 kila wiki kabla hata ya kodi ya mapato, na hakuna anayekukata, unatakiwa utume mwenyewe kila robo mwaka. Watu wanakuja kwangu Aprili wamekula hela yote wanadaiwa elfu 10 na zaidi, inauma kumwambia mtu mwenye watoto kitu kama hicho.

Hapo sijagusa mengine. Hauna bima ya kuumia kazini, ukianguka kwenye ngazi ya lori mguu ukavunjika hakuna wa kukulipa, labda ile bima ndogo ya ajali ambayo wengi wanakukata wewe mwenyewe. Hauna fao la kukosa kazi. Hauna bima ya afya. Na muulize huyo jamaa hiyo 1,800 ni kabla ya makato yake au baada, maana kuna wanaokata bima, kuna wanaoshikilia dhamana ya wiki za kwanza na ukiondoka kuipata ni vita.

Halafu kisheria lori sio lako, mzigo unapangiwa, muda unapangiwa, wewe ni mwajiriwa tu hata akikupa 1099. IRS, watu wa kodi wa serikali kuu, wana fomu SS-8 ya kuomba waamue hilo. Lakini mtu mgeni anayelisha familia anaanza vipi kugombana na mtu anayemlipa, bora usiingie.

Kitu kingine kinachowachanganya watu ni perdiem, posho ya chakula cha safarini. Zamani dereva wa W-2 alikuwa anaweza kupunguza hela ya chakula cha safarini kwenye kodi yake, toka 2018 imeondolewa, imebaki kwa anayejiajiri, ambaye toka Oktoba 2024 kiwango ni dola 80 kwa siku na anaruhusiwa kupunguza asilimia 80 yake. Kwa hiyo kampuni zingine zinakata sehemu ya senti zako, mfano 10 kati ya 50, wanaziita perdiem, hazikatwi kodi. Benki unaona hela imeongezeka kidogo na unafurahi. Ila mshahara wako kwenye W-2 umeonekana mdogo, ukienda kuomba mkopo wa nyumba wanaangalia huo mdogo, na Social Security ya uzeeni inahesabiwa kwa huo mdogo. Sio mbaya, ila ujue unachagua nini, na usiwaruhusu wakutajie senti 50 PAMOJA na perdiem halafu wewe ukafikiri ni juu ya perdiem.

Zuri ni kwamba sheria ya shirikisho inasema dereva anayepita majimbo mengi anatozwa kodi ya jimbo analoishi tu. Ukiwa mkazi wa Texas, Florida au Tennessee hakuna kodi ya jimbo kwenye mshahara hata kama maili zako nyingi ziko California.

---

MamaWawili

Samahani kaka zangu, mimi ni mke wa dereva na nina neno langu.

Hesabu zote hapo juu ni za wiki, naomba mpige kwa saa. Huyu kaka ana kazi ya ghala yenye ovataimu. Dereva wa masafa marefu hana haki ya ovataimu ya shirikisho, sheria ya 1938 ilimuweka pembeni na mpaka leo yuko pembeni. 1,100 gawa kwa saa 70 za kazi ni dola 15 na senti 70 hivi. Na hizo ni saa za kwenye logi tu, zile anazolala maegeshoni mbali na nyumbani hazimo. Kwa saa 70 hizohizo ghalani, 30 za mwisho zingelipwa moja na nusu.

Simwambii asiende. Sisi tulienda na sijutii. Ila kwenye bajeti waweke gharama za nyumba mbili, maana baba akiwa nje wiki nne anakula, anafua, anahitaji simu yenye intaneti, na huku nyumbani kila kitu alichokuwa anafanya yeye unalipia mtu. Friji ndogo na jiko la umeme la kwenye lori nunueni mwanzoni kabisa, mtu akila kwenye vituo vya malori kila siku anaacha pale mshahara wa siku nzima kwa wiki, na sukari na presha juu, kumbuka kile cheti cha afya cha DOT, wizara ya usafirishaji, kinarudiwa, ukikikosa hauna kazi.

Na akiba. Msihame kutoka ghalani bila hela ya miezi miwili ya nyumba, kwa sababu treningi inalipa kidogo na cheki ya kwanza inachelewa.

---

FlatibediTu

Nakubaliana na wengi ila kidogo nitofautiane na mzee hapo kwa sababu majibu yake yanaelekea kama ofa ya kwanza ndo salama. Mimi naona ya pili ikiwa garantii imeandikwa vizuri inashinda, kwa mtu mwenye familia kujua wiki mbaya haitashuka chini ya 1,200 ni bora kuliko senti 50 zinazopanda na kushuka. Dispacha, yule anayekupangia mizigo, naye anakuwa na sababu ya kukupa mizigo maana kampuni inalipa hata ukilala.

Kama una nguvu na haugopi mvua angalia na flatibedi, treila la wazi lisilo na boksi. Senti huwa ziko juu kidogo na kufunika turubai kunalipwa kwa kila mzigo, ila turubai la kufunikia mbao lina kilo 40 na kitu, unalipandisha juu ya mbao kwenye upepo, unafunga minyororo, unakaza mikanda, halafu unasimama njiani kukagua tena. Mgongo ndo unaolipwa pale.

Kuhusu ofa ya tatu, kampuni za bima nyingi zinataka dereva awe na miaka miwili. Mwenye malori kumi anayemchukua mtu mwenye leseni ya wiki moja, muulize bima yake inakutambua wewe kwa jina? Asipokuonyesha karatasi kimbia. Na akianza kukuimbia habari ya kukukopesha lori ulipe polepole mpaka liwe lako, usisaini. Kuna kikosi kazi kiliundwa kwa sheria ya Congress kuchunguza mikataba hiyo, Januari 2025 wakapendekeza ipigwe marufuku kabisa, na walisikiliza madereva wenyewe.

Halafu jingine, Kiingereza. Toka Juni 25, 2025 mkaguzi barabarani akiona huwezi kumjibu au kusoma alama anakutoa barabarani palepale. Jizoeze maswali ya ukaguzi, unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini, karatasi ziko wapi. Lori likisimamishwa maili hazihesabiki.

Mwaka ukiisha salama bila ajali mambo yanafunguka, hapo ndo unaenda tanka, au zile kampuni za mizigo midogomidogo zinazoendesha usiku kutoka tawi moja mpaka lingine unalala kwako, au za kulipwa kwa saa mjini. Madereva wengi ninaowajua waliotulia kihela wapo huko sasa.

---

UsukaniMpya

Wakuu nawashukuru sana, dada zangu pia, nimemsomea mke wangu yote na yeye ameipenda zaidi ile hesabu ya MamaWawili ya dola 15 kwa saa 😅 ameiandika kwenye karatasi.

Ya tatu nimeachana nayo. Leo nimeipigia ile ya friji nikawauliza maswali ya DadaRifa moja baada ya jingine. Garantii wamesema ni mwaka mzima, masharti ni kuwa tayari siku 6 na kutokataa mzigo, wiki ya kwenda nyumbani inagawanywa kwa siku nilizofanya kazi. Kusubiri wanalipa kuanzia saa ya 3, dola 18, mteja alipe asilipe. Nimewaambia waitume kwa imeili, wamesema kesho. Ila treningi kwao ni wiki 6 wananilipa dola 650 kwa wiki, na ada ya shule yangu wanairudisha kipande kila mwezi nikibaki kwao.

Hiyo ya kurudisha ada ina mtego wowote?

---

MhesabuWaKodi

Sio mtego wenyewe ila angalia maneno mawili kwenye mkataba. Ukifukuzwa bila kosa lako wanaacha tu kulipa, au wanadai hata walichokwisha kulipa? Na hiyo hela inapita kwenye mshahara ikatwe kodi au inaenda moja kwa moja shuleni? Ikipita kwenye mshahara, dola 200 itakufikia kama 160, halafu shule wanataka 200 kamili.

---

DadaRifa

Na imeili ikija usisaini siku hiyohiyo. Soma sehemu ya garantii uone kama wameandika neno "mwaka", kama halimo warudishie walitie.